Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu ya juu: asilimia tunazo, wa kuuliza kwa nini mmewaziba midomo

Waheshimiwa,

Kamwene kwa mliotokea Iringa na Njombe, mugonile kwa wa kwetu Rungwe na Kyela, na kwa waliobaki shikamooni. Barua hii ni ya Waziri wa Elimu, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), Bodi ya Mikopo na wakuu wa vyuo vikuu vyote vya Nyanda za Juu Kusini, vya serikali na vya madhehebu. Nimewaandikia wote kwa pamoja makusudi, maana hapa kwetu ukimwandikia mmoja anakwambia hilo suala liko kwa mwenzake, ukienda kwa mwenzake unaambiwa subiri mwongozo, na mwongozo nao unatoka kwa yule wa kwanza.

Mi nina steshenari jirani na chuo kimoja hapa Mbeya. Sikitaji na msihangaike kukitafuta, nina wenzangu wana steshenari Iringa mjini na tukikaa kupiga stori utadhani tunahudumia chuo kimoja. Kazi ni kuprinti, kutoa kopi, kubaindi na kuwachapia wanafunzi wa mwaka wa tatu risachi zao, na mwenyewe nimesoma digrii ya sosholojia na historia kwa hiyo huwa sichapi tu, nasoma. Nyie ripoti ya mwanafunzi mnaiona ikiwa imeshavaa kava gumu. Mi naiona tangu ikiwa proposo, naiona ikirudi na kalamu nyekundu, naona topiki inavyobadilika wiki kwa wiki mpaka inafika mahali hata mwenye nayo haitambui.

Chukulia binti mmoja wa Mufindi. Proposo yake ya kwanza ilikuwa na swali zuri kuliko yote niliyochapa msimu ule: kina mama wanaoshinda vibarua kwenye chai na mbao, nani anabaki na watoto mchana, na hao watoto wanakula nini na saa ngapi. Alitaka akakae kijijini aangalie, aongee na kina mama, na mabibi wanaoachiwa wajukuu, na wanyapara pia. Ikarudi. Supavaiza kamwambia swali la vibarua litagusa wawekezaji, halmashauri haitampa kibali, achague kitu cha kawaida. Basi ikawa mchango wa elimu ya lishe katika kupunguza udumavu, dodoso la kurasa nne, nakubali sana, nakubali, sijui, sikubali. Akagawa, akakusanya, akapiga asilimia, akafaulu vizuri tu. Leo ukimuuliza kwa nini watoto wa kwao wamedumaa atakupa asilimia.

Asilimia tunazo jamani. Utafiti wa afya na demografia wa 2022 ulionyesha watoto chini ya miaka mitano waliodumaa Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, wakati taifa zima ni 30. Hebu zisome tena hizo namba halafu ukumbuke hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi, viazi, maharage, ina maziwa, ina parachichi zinazopakiwa kwenye makontena kwenda Ulaya. Mtoto anazaliwa katikati ya chakula anadumaa. Daktari anaweza kumpima urefu na kumpa mama ushauri, na afanye hivyo Mungu ambariki, lakini daktari hajui nani kwenye ile nyumba anaamua maziwa yauzwe yote, hajui mama anatoka saa ngapi na anarudi saa ngapi, hajui ugali ulioachwa asubuhi unaliwa na nani kwanza. Hajui pia kwamba wanaume wa huku walianza kuzoea kuishi mbali na nyumba zao tangu wakati wa mkoloni, wakienda mkonge Tanga, dhahabu ya Lupa kule Chunya, wengine mpaka migodi ya Afrika Kusini, na mashamba yakabaki mikononi mwa wanawake bila sauti ya kuamua mazao yauzwe au yaliwe. Hilo si jambo la maabara. Hilo linajulikana na mtu aliyefundishwa kukaa na watu, kusikiliza, kusoma nyaraka za zamani na kuunganisha, yaani huyo huyo mnayesema kasoma kozi isiyo na soko.

Na UKIMWI vivyo hivyo. Utafiti wa 2022/23 unasema maambukizi kwa watu wazima kitaifa ni asilimia 4.4, Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Dawa zipo, vipimo vipo, semina ndio usiseme, na mikoa ni ile ile inaongoza miaka nenda rudi. Kupima bila kuuliza ni sawa na kumwekea mgonjwa kipima joto kila asubuhi bila kumuuliza kala nini jana.

Sasa kabla hamjaniambia mama we umetumwa, nisikilizeni vizuri. Sina ugomvi na sayansi. Wajengeni mainjinia, madaktari wa Mbeya Rufaa waongezeke, na huo ufadhili wa Samia Skolashipu ulioanza 2022/23 kwa waliong'ara masomo ya sayansi kidato cha sita ni jambo jema na kuna vijana wa mama ntilie wamesoma kwa ajili yake. Ninachosema ni kwamba mmefika mahali mnadhani swali la "kwa nini" linajibiwa na yule yule aliyejibu swali la "ngapi", na yule aliyesomea kujibu "kwa nini" mmemfanya aone aibu ya kutaja kozi yake. Mzazi anakuja dukani kwangu na mtoto kuomba mkopo mtandaoni, dogo kapata divisheni wani ya HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, baba anamtazama kama kaleta mimba. Nani kamfundisha huyo baba? Ni nyie. Kwenye vipaumbele vya mkopo afya, uhandisi, ualimu wa sayansi na hesabu vinakaa juu, mwana wa historia na lugha anakaa chini kule anasubiri makombo, na huku mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia unajenga maabara na madarasa kwenye vyuo vya umma. Vizuri kabisa, nauliza tu, kwenye hizo dola kuna ngapi za kununua vitabu vya falsafa? Kuna ngapi za kuhifadhi nyaraka zinazoliwa na mchwa kwenye maofisi ya wilaya?

Halafu Katiba yetu, ile ya 1977 mnayoapa nayo, ibara ya 11 inasema kila raia yuko huru kutafuta elimu katika fani anayopenda, hadi kiwango chochote kulingana na stahili na uwezo wake. Fani anayopenda. Sijaona mahali imeandikwa fani inayopendwa na soko la ajira la mwaka huu. Mtasema hakuna aliyezuiwa, ni hela tu haitoshi. Kwa mtoto wa Ileje au Makete ambaye baba yake anauza debe mbili za mahindi apate nauli, kunyimwa mkopo na kuzuiwa ni kitu kimoja, tusidanganyane.

Na hili la ajira naomba tuliongee bila kuoneana haya. Ni kweli walimu wa masomo ya sanaa wamejaa mtaani, nawafahamu, wanakuja kuprinti barua za maombi kila mkitangaza nafasi, wengine wameanza kupata mvi. Ila wa sayansi nao nawaona, bajaji za Mwanjelwa na Kabwe zina madereva wenye digrii za kila rangi. Ajira hazipo kwa sababu uchumi hauzalishi ajira, sio kwa sababu kijana alisoma tamthilia. Na mnaposema sanaa haijengi nchi mnasahau nchi hii ilijengwa na nani. Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh akarudi 1952 na MA ya sanaa, kasoma historia na uchumi huko, hakuwa injinia. Mkapa alisoma Kiingereza Makerere. Hao watu walijifunza kusoma maandishi ya mwenye nguvu na kuyajibu, na ndio kazi waliyoifanya.

Nikiri upande wa pili maana mtanirudishia. Kozi zetu nyingi za sanaa zinafundishwa hovyo. Naprinti madesa, zile noti za kukariri, nayajua. Kuna desa la utangulizi wa sosholojia natoa kopi kila Novemba ambalo nililisoma mimi mwenyewe, halijabadilishwa hata koma, mwanafunzi anakariri, anamwaga kwenye mtihani, anasahau kabla hajafika kwenye vimbweta. Ukifundisha falsafa kwa kukaririsha umefundisha nini? Na siku hizi akili mnemba inamwandikia risachi nzima usiku mmoja, mimi naprinti tu, naona kabisa huyu hajawahi kufika hicho kijiji na kijiji chenyewe hakipo. Kwa hiyo msidhani natetea desa. Ila desa limetoka wapi? Lekchara anayefundisha darasa la watu mia kadhaa kwa mkataba wa muda, anakimbia vyuo viwili vitatu apate hela ya kula, na anajua akiongea kitu cha moto darasani kuna mtu anarekodi na simu, huyo desa ndio salama yake. Desa haliwezi kumfukuzisha mtu kazi.

Hapo sasa ndio nafika kwenye uhuru wenyewe, na hapa ntachukua muda kidogo.

Zamani mkono wa serikali ulikuwa unaonekana. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), Mwalimu akawarudisha makwao zaidi ya 300, na papo hapo akakata mshahara wake na wa mawaziri wake. Wengi wao walirudishwa chuoni baadaye. Unaweza kumpenda au kumlaumu kwa lile lakini lilifanyika mchana, kila mtu aliona nani kafanya nini. Mwaka 1990 chuo kile kikafungwa kwa miezi. Na Aprili ya mwaka huo huo jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya juu nchini zilikutana Dar es Salaam zikapitisha Azimio la uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wasomi kwa jamii, na Novemba wasomi wa Afrika wakapitisha la kwao Kampala. Yale maazimio yana pande mbili na mnapenda kusahau zote: kwamba mwalimu na mwanafunzi wawe huru kufundisha, kutafiti na kuchapisha bila kuingiliwa, na kwamba msomi naye ana deni kwa wananchi, sio ajifungie na uhuru wake ofisini akinywa chai. Sisi tumesoma chuo miaka mitatu hatukuwahi kuambiwa kama Azimio hilo lipo. Nilikuja kulikuta kwenye fotokopi ya mtu dukani, nikalisoma nimesimama.

Sasa hivi mkono hauonekani. Hamna anayeandikiwa barua. Ni simu tu, au ni mkuu wa idara anakuita pembeni, "mdogo wangu una familia, hilo andiko subiri kidogo." Ni supavaiza anayekwambia topiki yako nzuri ila chuo kina mahusiano na mkoa. Ni kibali kinachokaa mezani halmashauri mpaka semista inaisha. Ukiuliza nani kazuia, hakuna aliyezuia. Na mnajua mizizi yake iko wapi, ilikuwepo ile Sheria ya Takwimu ya 2015, ikaongezwa makali 2018 kwamba ni kosa kutoa takwimu zinazopingana na za serikali, kelele zikapigwa ndani na nje, 2019 mkalegeza. Hongereni kwa kulegeza, mi nasema asante mtu akirekebisha. Ila sheria ilitoka kwenye karatasi, kwenye vichwa vya masupavaiza haikutoka. Bado kuna mtu anamwambia mwanafunzi wa digrii ya kwanza, anayehoji watu arobaini Tunduma, kwamba atafungwa.

Mnataka mfano wa kwa nini hili lina gharama? Angalieni Mto Ruaha Mkuu, wa Mbarali na wa Iringa wote wanaujua. Tangu 1993 mto unakauka kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wanabanana kwenye vidimbwi. Umeme wa Mtera na Kidatu ulivyoyumba nchi nzima ikaanza kutafuta mchawi na mchawi akapatikana haraka, ng'ombe. Mwaka 2006 kuelekea 2007 wafugaji wakaondolewa Ihefu, kwenye ardhi oevu ya Usangu, na mifugo yao, 2008 Usangu ikamegwa ikaingizwa Hifadhi ya Ruaha. Lakini watafiti waliokaa Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, wakapima maji mfereji kwa mfereji, walikuwa wameshaandika kwamba sababu kubwa ni maji ya kiangazi yanayochepushwa kwenda mashambani, mpunga ukiwa mbele, na kwamba kumtwisha ng'ombe mzigo wote hakulingani na vipimo. Andiko lilikuwepo. Halikusikilizwa. Watu walihamishwa na mifugo yao, wengine wakafilisika njiani, na mto ukaendelea kukauka kiangazi.

Kupima maji ni kazi ya mtu wa maji, sawa. Lakini kwa nini hadithi ya ng'ombe iliaminika upesi vile? Kwa sababu mfugaji ni mgeni, Msukuma au Mbarbaig kaja na kundi lake, hana ndugu kwenye baraza la kata, hana mwenye skimu ya umwagiliaji wa kumsemea. Mwenye mfereji ana jina na ana mbunge. Kuliona hilo unahitaji mtu aliyesoma jinsi jamii inavyomchagua wa kumlaumu, na umpe huyo mtu uhuru wa kulisema wakati tume ya serikali bado inakaa, sio miaka kumi baadaye kwenye jarida linalosomwa Uholanzi. Msomi muoga angeandika ng'ombe ndio tatizo, akalipwa posho yake akaenda nyumbani. Nyie mnataka msomi yupi awashauri?

Nije kwenye historia maana ndio ugonjwa wangu.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea kwenye makumbusho ya Majimaji akaomba msamaha kwa waliyoyafanya Wajerumani. Familia ya Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa 1906, bado inatafuta fuvu la mzee wao. Huku kwetu Kalenga fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lipo, na lilirudi 1954 kwa sababu mwaka 1919 kwenye mkataba wa Versailles kulikuwa na kifungu kinachomtaja Mkwawa kwa jina. Mnaelewa maana yake? Kuna mazungumzo makubwa yanaendelea na yatakayoendelea, ya mabaki ya babu zetu, ya vitu vilivyochukuliwa, labda siku moja ya fidia, na upande wa pili wa meza watakaa wanahistoria wao na makabati ya nyaraka. Upande wetu atakaa nani? Nyaraka za utawala wa Mjerumani zilizobaki Dar es Salaam zimeandikwa kwa mkono wa Kijerumani cha zamani. Nitajieni ni vijana wangapi mmewapa mkopo na kuwasomesha waweze kuusoma mwandiko ule. Mnasubiri tukaazime wataalamu Berlin watusomee kesi yetu dhidi ya Berlin?

Tulishawahi kufanya vizuri zaidi ya hapo tukiwa maskini zaidi ya sasa. 1968 idara ya historia ya Dar es Salaam ilitoa wanafunzi wakatawanyika vijijini kusini wakihoji wazee waliokuwa hai wakati wa vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, kina Gilbert Gwassa na John Iliffe wakiwa nyuma ya kazi ile. Wale wazee wamekufa wote. Kile walichosema kipo kwa sababu vijana wa sanaa walitumwa na madaftari. Na hawakutumwa kuleta sifa tu, zililetwa habari za njaa iliyotengenezwa makusudi kwa kuchoma mashamba, na za nani alipigana upande gani, ikiwemo kwamba wapo Wahehe waliopigana upande wa Mjerumani. Wajomba zangu wa Iringa msinipige, baba yangu ni Mhehe na mi nimeolewa Unyakyusani, nalisema tu kama lilivyo. Historia isiyoruhusiwa kusema hilo ni wimbo wa mchakamchaka.

Ndio maana hili somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linanipa mashaka. Kufundisha historia kwa Kiswahili nimefurahi sana, lilichelewa. Ila mkishaifunga historia na maadili kamba moja, mwalimu wa Mbozi mwenye akili timamu atachagua maadili. Ataruka pale penye ubishi, hatofundisha 1966, hatofundisha operesheni vijiji na nyumba zilizochomwa, atafundisha kuheshimu bendera na kengele italia. Huyo mtoto ndiye atakuja chuo kikuu na mtamlaumu hana uwezo wa kufikiri, atakaa kwenye kiti changu cha plastiki akisubiri nimchapie topiki ya mtu mwingine.

Na mkitaka kuona kuwa si lazima kuchagua kati ya kompyuta na vitabu, Ghana kuna chuo kinaitwa Ashesi, kilianzishwa 2002 na Patrick Awuah, Mghana aliyekuwa anafanya kazi Microsoft. Mtu wa kompyuta kabisa. Wanafundisha programu na uhandisi lakini kila mwanafunzi lazima apitie kuandika, maadili, masomo ya Afrika, kujenga hoja na kuitetea. Huyo alitoka kwenye moyo wa teknolojia akaona injinia asiyejua kuuliza ni hatari. Sisi tunakimbilia huko alikotoka, tena kwa mguu.

Nachowaomba sasa. Bodi ya Mikopo, mpimeni mtoto kwa umaskini wa kwao na ufaulu wake, kozi achague yeye, Katiba imeshawamalizia huo ubishi, na akiajiriwa si mnamkata ile asilimia 15 ya mshahara hata kama alisoma ushairi? TCU, acheni kuipima kozi kwa idadi ya waliojiandikisha mwaka huu, kwa kipimo hicho kozi ya kusoma nyaraka za Kijerumani ingefutwa kabla ya darasa la kwanza. Wizara, toeni waraka kwa halmashauri kwamba kibali cha mwanafunzi kijibiwe ndani ya siku zinazojulikana, ndiyo au hapana, wasikae nacho mpaka semista iishe. Na risachi zikishakamilika ziandikiwe muhtasari wa Kiswahili kurasa mbili tatu zirudi kijijini zilikotoka, watu wanahojiwa kila mwaka hawajui hata walichosema kiliishia wapi, Mufindi kuna vijiji vimehojiwa mpaka vimechoka.

Wakuu wa vyuo nimewaacha mwisho maana lenu halihitaji bajeti wala bunge. Topiki ya mwanafunzi ikikataliwa, aliyeikataa aandike sababu, aweke jina na saini, kopi moja abaki nayo mwanafunzi na nyingine iende maktaba ikae wazi kwa yeyote. Na andiko la lekchara likizuiwa iwe hivyo hivyo. Kama sababu ni ya kitaaluma, kwamba swali halijakaa sawa, sampo ndogo, haina shida, sote tutajifunza. Kama sababu ni "itagusa wawekezaji" basi iandikwe hivyo, "itagusa wawekezaji", tuisome. Nina hakika nusu ya hizo sababu hakuna atakayethubutu kuzisaini na topiki zitapita.

Fomu yenyewe ni nusu ukurasa, nimeshaitengeneza, iko kwenye kompyuta ya dukani. Chuo kitakachoitaka kije na flashi, kopi za mwanzo naprinti bure.

Wenu,
Mama wa steshenari, Mbeya